MKAGUZI WA DAWA NA ARUDI MARA YA PILI

Gari la wakaguzi wa dawa likionekana Nyakanazi asubuhi, kabla ya adhuhuri habari zake zimekwisha kufika Lusahunga na Nyakahura, na kabla ya jua kuchwa wenye maduka wa Rulenge na Kabanga wanajua ni watu wangapi wamo garini. Ndipo ionekanapo ajabu: duka la dawa lililokuwa wazi jana mpaka saa nne za usiku leo limepigwa kufuli mchana kweupe, na jirani akiulizwa hujibu ya kwamba mwenyewe amekwenda msibani. Misiba ya siku ya ukaguzi ni mingi kupita kiasi, na la kushukuru ni kwamba katika misiba hiyo hakuna anayezikwa.

Lakini katika wilaya za Ngara na Biharamulo jambo hili si la kuchekwa tu. Wilaya hizi mbili, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, zina watu zaidi ya laki nane, na walio wengi ni wakulima wa ndizi, maharage, mihogo na kahawa, wafugaji, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na vibarua. Mtu wa namna hiyo mtoto wake akishikwa na homa usiku hamwendei daktari, kwa kuwa daktari yuko mbali na kesho kuna kazi ya kufanya. Huenda dukani. Duka la dawa ndiyo zahanati yake ya kwanza, na aghalabu ndiyo ya mwisho. Kwa sababu hiyo twasema ya kwamba mwenye kufunga mlango ili mkaguzi asiingie hajifichi na serikali peke yake. Anamficha mkulima yule asijue ni kitu gani aliuziwa jana.

Yafaa tukumbushane duka hili ni kitu gani mbele ya sheria, maana wengi hulichukulia kuwa ni duka kama la sukari na chumvi. Zamani vijijini mwetu yalikuwapo maduka ya dawa baridi, yaliyoruhusiwa kuuza dawa nyepesi zisizohitaji cheti cha daktari, za maumivu ya kichwa, kikohozi na mfano wa hayo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Lakini kila mnunuzi alijua ya kwamba chini ya meza mlikuwa na dawa nyingine. Serikali ilipoliona hilo haikufumba macho, wala haikuyafunga maduka yote kwa mkupuo. Ilianza mwaka 2003, mkoani Ruvuma, mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu. Mwenye duka akaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwamo antibayotiki chache na dawa za malaria, kwa masharti: chumba kiwe safi na imara, muuzaji awe amefundishwa kazi hiyo na kupata hati, vitabu viandikwe, dawa zinunuliwe kwa wauzaji wa jumla wanaojulikana, na mkaguzi aruhusiwe kuingia. Mpango ukaonekana kuwa na faida, ukaenezwa katika mikoa mingine ya Tanzania Bara, Kagera ikiwamo. Leo maduka haya yamo chini ya Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na dawa zenyewe ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo mpaka mwaka 2019 ilishughulika na chakula pia na kuitwa TFDA. Halmashauri za wilaya nazo zina mkono katika ukaguzi, kwa wafamasia wake na watumishi wake wa afya.

Twamwomba msomaji ayatazame vizuri masharti hayo, kwa kuwa ndani yake yamo mapatano. Jamhuri ilimpa mwenye duka haki ambayo zamani ilikuwa ya mfamasia; naye mwenye duka akatoa ahadi ya kuacha mlango wake wazi. Basi anayeufunga siku ya ukaguzi ameyavunja mapatano, na amebaki na haki asiyoilipia. Walakini, na hili nalo hatuna budi kulisema, serikali ipelekayo mkaguzi mara moja, akaandika taarifa yake na asionekane tena, nayo imeacha upande wake wa mapatano.

Je, mkaguzi mwema hutazama nini? Asiyejua hudhani ya kwamba kazi yake ni kusoma tarehe za makopo na kuchukua yaliyokwisha muda. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na mwenye duka mwerevu ameifanya mwenyewe usiku uliotangulia. Mkaguzi mwema huinua macho akatazama dari kwanza. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe penye joto lisilozidi nyuzi 30. Sasa chumba kilichoezekwa bati tupu, bila dari wala dirisha la kupitisha hewa, saa nane ya mchana mwezi wa Septemba kina joto la namna gani? Vidonge vilivyokaa humo miezi sita havibadiliki rangi wala harufu. Tarehe yake ni njema, na nguvu yake imepungua, na mgonjwa akizidiwa watu husema amerogwa.

Kisha huomba ankara. Karatasi hii ndogo ndiyo inayochukiwa kuliko vitu vyote, kwa sababu ndiyo pekee iwezayo kusema dawa ilitoka kwa nani. Jicho la mtu haliwezi kutofautisha kidonge cha kweli na cha bandia kilichotengenezwa kwa ustadi. Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini ankara isiyokuwapo yasema mengi bila maabara. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 ya kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, katika kila bidhaa 10 za tiba 1 ni duni au bandia. Wala tusidhani ya kwamba hayo ni mambo ya mbali: mwaka 2012 dawa bandia za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikutwa wilayani Tarime, mkoa wa Mara, nazo zilikuwa zimepita katika njia za serikali yenyewe. Ikiwa ziliweza kupita huko, zishindwe kupita katika begi la bodaboda?

Mwisho mkaguzi humtazama aliye mezani. Ukutani pamening'inia hati nzuri ya mafunzo, yenye picha na muhuri. Mezani yupo binti wa miaka kumi na minane ambaye picha ile si yake. Mwenye hati alikwisha kuhamia Kahama, au aliolewa, au hati yake imekodishwa kwa fedha kidogo kila mwezi. Na binti huyu, mpwa wa mwenye duka, ameachiwa funguo, kabati na roho za watu. Hakufundishwa. Anajua bei, tena anazijua sana. Akija mama akasema mtoto ana homa na anaharisha, binti hukata vidonge kwa mkasi kwa kadiri ya shilingi zilizomo katika kiganja cha mama, akavitia katika karatasi isiyoandikwa kitu, na mama akaenda zake.

Hapo ndipo tulipo na ugomvi na ukaguzi jinsi ufanywavyo mahali pengi. Ikipatikana kasoro, anayetetemeka ni binti yule. Yeye ndiye anayepelekwa kituoni kuandika maelezo, naye ndiye anayefukuzwa kazi jioni. Mwenye duka hupigiwa simu, hulipa faini, na juma lifuatalo huweka binti mwingine. Hatusemi ya kwamba asiyejua kazi aachwe auze dawa. Twasema ya kwamba leseni ina jina juu yake, na jina hilo ndilo liitwe. Kama duka ni la mtu akaaye Mwanza, aitwe kutoka Mwanza.

Tena tuseme wazi, maana gazeti lisilowaambia wenyewe ukweli halina haki ya kuwaambia wengine. Baadhi ya wenye maduka haya ni watumishi wa umma, na wengine ni wanachama wenzetu tunaoketi nao mkutanoni. Wako wanaojulikana kata nzima ya kwamba asubuhi wapo zahanatini na jioni wapo dukani mkabala na zahanati hiyo hiyo. Kuwa na duka si kosa, kama sheria imefuatwa. Lakini mgonjwa aambiwapo dirishani ya kwamba dawa hakuna, kisha akashauriwa avuke barabara, huko akaipata dawa ile ile, twauliza: imevukaje? Bohari ya Dawa huzitia dawa za serikali alama ili zitambulikane. Vidonge vyenye alama hiyo katika kabati la mtu binafsi ni mali ya wananchi iliyoibwa, na mkaguzi akivikuta asiishie kuvinyang'anya. Aende zahanati, afungue leja, ahesabu. Na viongozi wa tawi wasimpigie simu kumwomba amsamehe ndugu yao. Simu za namna hiyo zipo, na wanaozipiga wanajijua.

Ngara ina shida yake nyingine, nayo ni mpaka. Rusumo ni mlango wa Rwanda na Kabanga ni mlango wa Burundi, na katikati yake ziko njia za miguu zisizo na idadi. Watu wa pande zote wamechanganyika kwa lugha, kwa ndoa na kwa masoko tangu kabla mipaka haijachorwa, wala sisi hatutaki wazuiwe kutembeleana. Lakini dawa si maharage. Iko dawa iliyoandikwa Kifaransa tupu ambayo muuzaji wa Ngara hawezi kusoma hata kipimo chake. Na iko iliyopigwa chapa ya serikali jirani ya kwamba haiuzwi, nayo inauzwa. Pengine dawa hiyo ni nzuri kabisa huko kwao. Neno ni kwamba hapa haikusajiliwa, na isiyosajiliwa ikimdhuru mtu hakuna wa kuulizwa: hakuna mwagizaji, hakuna namba ya kufuatilia, hakuna atakayetoa amri ya kuiondoa madukani. Kwenye vituo vya mpaka mizigo mikubwa hukaguliwa. Katoni moja juu ya baiskeli hukaguliwa na mwenye duka peke yake, akiamua kuinunua au kuikataa, na kwa hiyo ukaguzi wa duka ndio mpaka wa kweli wa Ngara.

Sasa tuje kwenye malaria, kwa kuwa hapa pana hatari ambayo wengi hawajaisikia. Dawa mseto tuitumiayo huliwa na mtu mzima vidonge 4 mara mbili kwa siku, kwa siku 3, jumla vidonge 24. Anayekula 8 akaona nafuu, akaweka vilivyobaki kwa homa ijayo au akamgawia mkewe, amewaua vijidudu dhaifu na kuwaacha hodari. Watafiti walimgundua nchini Rwanda kijidudu cha malaria chenye mabadiliko yanayokifanya kistahimili artemisinini, ambayo ndiyo nusu ya dawa mseto. Na utafiti uliofanywa Karagwe mwaka 2022, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2024, ulithibitisha ya kwamba kijidudu hicho kimo mkoani Kagera. Karagwe imepakana na Ngara. Dawa bado inaponya, mtu asije akaacha kuitumia kwa kusoma maneno haya. Ila kwa baadhi ya wagonjwa vijidudu vinachelewa kutoka katika damu kuliko ilivyokuwa zamani. Wazee wanakumbuka klorokwini, jinsi ilivyotuponya miaka mingi mpaka ikashindwa, ikaachwa mwaka 2001. Wakati ule palikuwa na dawa nyingine za kukimbilia. Safari hii nyuma yetu hapana akiba kubwa. Kila dozi iliyokatwa kwa mkasi Nyakahura, na kila kidonge chenye dawa pungufu kilichouzwa Rulenge, ni shule ya kumfundisha kijidudu yule.

Watu wa Biharamulo wana sababu nyingine ya kutaka mtu aliyefundishwa awe mezani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani humo. Mpaka ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2 waliothibitishwa na vipimo na 8 waliodhaniwa kuwa nao, na wote 10 walikufa. Hatusemi ya kwamba duka lo lote lilihusika. Hakuna aliyethibitisha hivyo wala sisi hatutazua. Twasema jambo jepesi tu. Ugonjwa ule huanza kwa homa kali, kichwa na kutapika, kama malaria ianzavyo. Mgonjwa akifika dukani, muuzaji aliyefundishwa huuliza, huona dalili za hatari, humwambia nenda hospitali sasa hivi. Asiyefundishwa huuza vidonge, na akiombwa huchoma sindano nyuma ya pazia, jambo ambalo duka la dawa halina ruhusa kulifanya. Kati ya watu hawa wawili, mmoja anaweza kulinda wilaya nzima na mwingine hawezi kujilinda hata yeye mwenyewe.

Wako wasemao ya kwamba tukishadidia ukaguzi maduka yatafungwa, na mkulima wa Nyantakara atatembea kutwa kutafuta kidonge cha homa. Hoja hii tunaiheshimu, kwa kuwa aghalabu husemwa na maskini mwenyewe. Ni kweli duka pekee la kijiji likifungwa asubuhi, jioni yake magendo huanza: dawa zile zile huuzwa uani, katika ndoo, bila hata kabati. Ndiyo maana hatutaki ukaguzi wa kufunga tu. Twataka mkaguzi ampe mwenye duka orodha iliyoandikwa: piga dari, mlete muuzaji mwenye hati, onyesha ankara, umepewa siku kadha. Kisha arudi. Akikuta yamefanywa, amshukuru mbele ya wateja wake. Akikuta hayakufanywa, leseni ivuliwe na jina litangazwe. Lakini makosa mengine hayana siku za kungojea: dawa bandia, dawa za serikali, na sindano za nyuma ya pazia. Hayo ni ya kufunga siku ile ile, na kama kijiji kitabaki bila duka, halmashauri ihakikishe ya kwamba zahanati yake ina dawa, jambo ambalo lilikuwa wajibu wake tangu awali.

Maana tusidanganyane: nguvu ya duka bovu hutokana na kabati tupu la zahanati. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi wa Novemba 2023. Ni sheria njema. Lakini mkulima huipima bima dirishani, kwa kuona kama anapewa dozi nzima au anapewa karatasi ya kwenda kununua.

Fedha za ukaguzi wa pili zitatoka wapi? Twajua mafuta ni ghali na wilaya ni pana. Kutoka Biharamulo mjini mpaka pembe za Kaniha, au kutoka Ngara mjini mpaka vijiji vya mpakani, si safari ya dakika chache. Lakini si lazima kila safari itoke mbali. Mtumishi wa afya wa kata, akifundishwa na kupewa mamlaka, aweza kuingia dukani kwa miguu siku yo yote, bila gari la kumtangulia kwa habari. Sharti moja tu: asiwe yeye mwenyewe, wala mkewe, mwenye duka katika kata hiyo.

Na wananchi nao wana sehemu yao isiyohitaji mafuta. Kila kata iwe na karatasi iliyobandikwa katika ofisi ya mtendaji, yenye majina ya maduka ya dawa yaliyo na leseni, jina la mwenye duka, jina na picha ya anayeruhusiwa kusimama mezani, na tarehe ya ukaguzi wa mwisho pamoja na kilichoonekana siku hiyo. Majina hayo si siri. Leseni ni hati ya serikali. Tunayaomba matawi yetu ya Ngara na Biharamulo yaiombe karatasi hiyo kwa halmashauri, kwa barua yenye tarehe, na yatuletee nakala ya jibu. Majibu tutakayopata tutayachapa katika ukurasa huu, na barua zitakazokosa jibu kwa muda wa mwezi mmoja tutazichapa pia.